Noti ya biva, uzi na pini: jibu kwa msomaji wa Columbus

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Columbus, Ohio. Mwezi uliopita nilinunua albamu kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu, kwa dola 140. Ndani mna noti tatu. Ya kwanza ni dola 1,000 ya Bank of the United States, mwaka 1840. Ya pili ni dola 6, tarehe 17 Februari 1776, ina picha ya mnyama anayetafuna mti; imechanika katikati, imeshonwa kwa uzi na ina pini moja yenye kutu. Ya tatu ni shilingi 20 ya Delaware, 1 Januari 1776. Mwenzangu kazini anasema nimeokota utajiri, nitoe uzi, nizisafishe, nipeleke zikapimwe. Ni kweli? Na nikitaka kuendelea kukusanya, nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo la haraka: mwambie mwenzako asiuguse ule uzi. Usiufumue, usichomoe pini, usizioshe noti, usizipige pasi. Sababu nitakupa mbele kidogo, maana hapo ndipo penye utamu wa ulichokinunua.

Noti ya dola 1,000 haitatuchukua muda. Itazame namba yake. Nina hakika utakuta 8894, na tarehe 15 Desemba 1840. Namba hiyo wakusanyaji wote wanaijua, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye nakala zilizochapwa kwa wingi mno na kuuzwa kama kumbukumbu. Karatasi yake ni ya rangi ya chai iliyokolea, ngumu, inalia ukiishika, na imekunjamana makusudi ili ionekane ya kale. Benki yenyewe ilikuwepo kweli. Ilianza kama benki ya taifa, kibali chake cha serikali kuu kikaisha mwaka 1836, ikaendelea kwa kibali cha jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1841 ikaanguka. Lakini hiyo uliyo nayo haikupita kwenye kaunta yake. Tangu mwaka 1973 sheria ya Marekani inataka nakala kama hizo ziandikwe neno COPY. Zilizochapwa kabla ya hapo hazina alama hiyo, ndiyo maana zinawachanganya watu mpaka leo. Ihifadhi kama kielelezo. Utaihitaji karibuni, kwa kulinganisha.

Sasa weka ile nakala na noti ya biva, yaani ile ya dola 6 yenye mnyama anayetafuna mti, pamoja, usiku, kwenye meza. Zima taa ya juu, washa tochi uilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari. Ile nakala itakuwa tambarare kama ukurasa wa gazeti. Ya biva, kama ni ya kweli, itaonyesha vibonde: herufi zimezama kwenye karatasi kwa sababu zilipigwa na herufi za risasi kwenye mtambo wa kukandamiza kwa mkono. Igeuze, utaona upande wa pili umevimba kidogo palipopigwa. Kisha tazama kingo zake. Zilikatwa kwa mkono kutoka kwenye shiti, kwa hiyo ni nadra ziwe sawa pande zote nne. Halafu chukua lenzi uangalie karatasi yenyewe. Ni ya matambara ya kitani, laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na ndani yake huonekana nyuzinyuzi za buluu na vipande vidogo vya ulanga vinavyometameta. Vilitiwa humo wakati karatasi ingali uji, ili mghushi apate shida ya kuvipata.

Maelezo yako ya uzi na pini yananifanya niamini kwamba ni ya kweli. Hakuna mtu anayechukua tabu ya kushona nakala ya kitalii.

Biva ni mnyama wa mito ya kaskazini, mgugunaji, anayeangusha mti mzima kwa meno. Juu ya picha pameandikwa kwa Kilatini Perseverando, yaani kwa kutokata tamaa. Kila thamani katika mfululizo huo ina picha na msemo wake. Dola 5 ina mkono unaotoka damu kwa kushika kichaka cha miiba. Dola 3 ina tai anayepigana na korongo, na msemo wake unasema mwisho haujulikani. Dola 7 ina dhoruba, na ahadi kwamba kutatakata. Mtu wa Tanga utaelewa upesi kuliko wengi: hizi noti zimetungwa kama kanga, picha katikati na jina lake, na anayesoma anajua anasemwa nani. Bunge la makoloni ya Marekani yaliyoasi Uingereza halikuwa na hazina ya dhahabu wala mamlaka ya kutoza kodi. Lilikuwa na vita na karatasi, likasema na watu wake kwa mafumbo.

Soma maandishi yake: mwenye noti ana haki ya kupokea dola 6 za Kihispania, au thamani yake kwa dhahabu au fedha. Dola hizo za fedha ndizo zilizozunguka dunia nzima wakati huo, za aina ileile ambayo watu wa pwani yetu waliita reale. Shilingi yako ya Delaware ni hesabu nyingine, kwa sababu kila koloni lilihesabu lake. Dola moja ya Kihispania ilikuwa shilingi 7 na nusu huko Delaware na Pennsylvania, shilingi 6 huko Massachusetts, shilingi 8 New York. Kwa hiyo shilingi 20 zako zilikuwa dola mbili na theluthi mbili, kwa hesabu ya Delaware na Pennsylvania.

Angalia na saini. Noti ya biva ina mbili, kwa kawaida moja kwa wino mwekundu na nyingine kwa wino uliogeuka kahawia, pamoja na namba iliyoandikwa kwa mkono. Noti za kwanza zilipotoka mwaka 1775, Bunge liliteua watu 28 wa kuzitia saini, kwa ujira wa dola moja na theluthi kwa kila noti elfu. Mkono uliochoka huonekana: herufi zinalala, kalamu ya manyoya inadondosha, wino unakolea pale ilipochovywa upya. Kwenye nakala saini ina weusi uleule wa maandishi mengine, kwa sababu vyote vilichapwa pamoja. Ukijifunza kuona tofauti hiyo moja umeshajikinga na nusu ya hasara za kazi hii.

Nyuma ya noti utakuta majani ya mimea. Hiyo ni kazi ya akili ya Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji kabla hajawa mwanasiasa. Tangu miaka ya 1730 alitumia njia ya kuchukua jani halisi, kulikandamiza kwenye plasta juu ya kitambaa, na kumimina madini humo kupata kipande cha kuchapia. Mishipa ya jani inaanza minene inakwisha kama unywele, na hakuna majani mawili yaliyo sawa. Mchongaji wa kughushi angeweza kuiga herufi na picha, lakini mishipa ile ilimshinda. Kampuni ya Hall na Sellers ya Philadelphia, iliyorithi kiwanda cha Franklin, ndiyo iliyochapa noti yako. Ukiona nyuma mishipa imekatikakatika au imenenepa sawa kila mahali, shuku.

Ila usishuku ukatupa. Noti za kughushi za wakati uleule zina historia yake, na mimi nazipenda. Waingereza waliokuwa wameishika New York walizichapa kama silaha ya vita, na mwaka 1777 gazeti la mjini humo lilitoa tangazo kumwalika yeyote anayesafiri kwenda makoloni mengine achukue noti bandia kiasi atakacho kwa bei ya karatasi tu. Ughushi ulikuwa mzuri kiasi kwamba toleo la 20 Mei 1777 na lile la 11 Aprili 1778 yaliondolewa kabisa kwenye mzunguko. Maofisa walipewa karatasi za buluu zilizochapwa kwa vipande halisi vya kuchapia, ili walinganishe. Noti hizo za buluu za kulinganishia leo ni adimu sana, na zina bei kubwa kuliko noti halisi zilizokuwa zikizilinda.

Sasa nifike kwenye neno "utajiri", maana ndipo wengi wanapoumia. Mtu akiona 1776 anadhani mwaka wenyewe ni bei. Sivyo. Hadi mwaka 1779 Bunge lilikuwa limetoa noti za zaidi ya dola milioni 241. Machi 1780 lenyewe likakubali kuzihesabu 40 kwa moja ya fedha, na sheria ya mwaka 1790 ikazipokea kwa dola 100 za karatasi kwa dola moja ya hati ya deni. Watu wengi hawakujisumbua hata kuzipeleka. Wakaziacha kwenye masanduku, ndani ya Biblia, chini ya mbao za sakafu. Kwa hiyo zimebaki nyingi, kwa sababu zilikataliwa.

Ukilishika hilo utazielewa noti zote za Marekani ya zamani. Noti iliyolipwa iliharibiwa. Noti iliyovunjiwa ahadi ilibaki. Massachusetts ilitoa karatasi mwaka 1690 kulipa askari waliorudi mikono mitupu kutoka Quebec, na hizo ndizo noti za kwanza za serikali katika nchi za Magharibi. Zilipokelewa kwa kodi, zikarudi serikalini, zikateketezwa, na leo ukisikia moja inauzwa ni habari. Vivyo hivyo noti za kijani za mwaka 1861, za dola 5, 10 na 20, zilizotolewa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Zilikubaliwa kulipia ushuru wa forodha kama dhahabu, kwa hiyo karibu zote kati ya dola milioni 60 zilirudi hazina. Katika hizo kuna adimu ndani ya adimu. Makarani waliotia saini kwa niaba ya wakubwa wa hazina mwanzoni waliandika kwa mkono maneno mawili ya Kiingereza, "for the", mbele ya cheo. Baada ya muda mfupi maneno hayo yakachongwa kwenye bamba ili kuokoa kazi. Noti yenye maneno yaliyoandikwa kwa mkono na yenye maneno yaliyochapwa zinafanana kwa kila kitu kingine, ila bei zake haziko karibu hata kidogo.

Kwa hiyo noti yako ya biva, ikiwa imechanika na kushonwa, ni ya makumi ya dola, pengine ikaribie mia. Ile ya Delaware, iliyochapwa na James Adams na kuwekwa mganda wa ngano nyuma, ni kati ya noti za makoloni zilizobaki kwa wingi. Ikiwa safi na kingo zake zimetimia, itakwenda karibu na mia au zaidi kidogo. Fedha yako imerudi, na umebaki na vitu viwili ambavyo watu walivishika mkononi mwaka ambao nchi hiyo ilijitangaza huru.

Turudi kwenye uzi. Noti hizi zilikunjwa mara nne zikatiwa mfukoni, na mkunjo ndio uliozichana. Nusu noti ilikuwa taabu kutumia, basi mwanamke wa nyumba au karani alichukua sindano akaishona, au akachoma pini, kwa sababu gundi na karatasi ya kubandika havikuwa karibu. Huenda uzi huo ni wa kitani na pini hiyo ni ya karne ya 18. Kama ndivyo, hayo ni matengenezo ya zama zake, na mkusanyaji mwenye ujuzi hayahesabu kuwa kasoro kama anavyohesabu gundi ya juzi. Mimi binafsi nikiwekewa noti mbili za bei moja, nzima na iliyoshonwa, mara nyingi nachukua iliyoshonwa. Kuna mtu ndani yake. Ukifumua uzi utabaki na vipande viwili vyenye matundu, na hutaweza kumwambia mtu ilikuwaje.

Kuhusu kusafisha, mimi nimeumia. Katika miaka yangu ya mwanzo nilinunua, kwenye maonyesho, noti ya New Jersey ya tarehe 25 Machi 1776 yenye saini ya John Hart, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, nikafurahi. Nyumbani nikaiweka chini ya taa ya urujuanimno. Karatasi ya matambara ilibaki na giza kama inavyopaswa, ila kona ya juu kulia iliwaka buluu kama shati jeupe la sabuni ya unga. Ile kona ilikuwa karatasi ya siku hizi, imeunganishwa na kupakwa rangi, na noti nzima ilikuwa imeoshwa kisha ikashindiliwa. Wino wa Hart ulikuwa umefifia kwa maji. Muuzaji alisema hakujua, na huenda ni kweli. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila taa ile ndogo, na bei yake ni chini ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Kupimwa je? Kampuni kama PMG hupokea noti, huithibitisha, huipa daraja katika mizani inayoishia 70, na kuifunga kwenye plastiki ngumu. Kwa noti ya mamia au maelfu ya dola, hilo ni jambo la lazima, hasa ukitaka kuuza. Kwa zako, gharama pamoja na posta ya bima itakula sehemu kubwa ya thamani. Ya biva itarudi na namba ndogo na maelezo kwamba imechanika, jambo unalolijua tayari. Usizipeleke. Fedha hiyo nunulia kitabu.

Kitabu chenyewe ni orodha ya Eric P. Newman wa St. Louis, aliyefariki mwaka 2017 akiwa na miaka 106 na aliyezichunguza noti za makoloni kuliko mtu yeyote. Toleo la 5 ni la mwaka 2008. Humo utakuta kila koloni, kila tarehe, kila thamani, majina ya waliotia saini, na alama za ughushi unaojulikana. Maktaba ya jiji lako inaweza kukuazimia kutoka maktaba nyingine. Na kabla hujanunua chochote, tazama bei za kweli: nyumba za mnada kama Heritage na Stack's Bowers zinaweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita, na picha, bila malipo. Bei aliyoandika muuzaji ni matumaini yake. Bei iliyolipwa mnadani ni habari.

Ushauri wangu wa kuanzia: usikusanye "noti za zamani". Chagua kijiji kimoja, yaani kundi moja la noti. Unaweza kuamua kutafuta thamani zote za noti za Bunge, kutoka dola 1 ya kikapu kinacholemea mmea hadi dola 80 ya mwaka 1779 iliyochapwa kwa nyekundu na nyeusi. Nyingi zinapatikana kwa bei ya kawaida, ila utakutana na dola 20 ya Mei 1775, yenye ukingo wa karatasi ya rangi za mawimbi iliyoletwa na Franklin, na hiyo itakusubirisha miaka. Au fuata noti zenye saini za watu wa Azimio, ambapo John Hart ndiye anayepatikana kwa bei nafuu zaidi. Za Paul Revere, mchongaji wa Boston, za mwaka 1775, zenye mtu aliyeshika upanga, ziache kwanza. Ni za maelfu. Ila ukipata nafasi ya kuziona, zione. Shaba ilikuwa haba, Revere akachonga noti nyuma ya bamba lake lilelile la shaba la picha ya mauaji ya Boston, pale askari wa Uingereza walipowapiga raia risasi.

Kama bajeti ni dola 20 au 30 kwa mwezi, anza na noti za benki za majimbo za kabla ya mwaka 1866, kabla kodi ya asilimia 10 ya serikali kuu haijaziua. Benki zaidi ya elfu moja zilichapa zake, na uchongaji wake wa meli, mashamba, farasi na miungu ya Kiyunani ni wa hali ya juu. Noti za Canal Bank ya New Orleans zilibaki shiti nzimanzima bila kutiwa saini, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Lakini tahadhari na saini mpya: kuna waliojaza noti tupu baadaye ili zionekane zilitumika. Hapo ndipo jicho lako la wino litakapokulipa.

Utunzaji. Usiache noti kwenye albamu hiyo kama kurasa zake ni za plastiki laini yenye harufu. Hiyo ni PVC, inatoa mafuta na kuigandisha karatasi. Nunua mifuko ya Mylar, plastiki angavu isiyotoa mafuta, mmoja kwa kila noti, mikubwa kuliko noti yenyewe. Mikono iwe safi na mikavu, na noti uishike kwa kingo. Ukienda likizo Tanga usizibebe kuwaonyesha wazee. Joto lile na unyevu wa bahari huleta ukungu ndani ya wiki chache, na pini yako ikianza kutu upya itatoboa. Wapelekee picha.

Kuhusu pini yenyewe: kata kipande kidogo cha karatasi isiyo na asidi, kiteleze kati ya pini na noti pale ambapo kutu limegusa, bila kuivuta. Kisha nipigie picha mbili kwa mwanga wa tochi wa mshazari, mbele na nyuma, uzi uonekane vizuri. Nataka kuhesabu mishono.